Fahamu: Gugu vamizi la Mara linavyowagusa viumbe wa udongoni

Kando ya barabara na malisho ya Bunda, Butiama na Musoma, mkoani Mara, vipo vichaka vizito vya Chromolaena odorata, mmea uliotoka mabara ya Amerika. Mbegu zake nyepesi hupeperushwa na upepo, tena hunasa kwenye nguo na manyoya ya mifugo.

Mfugaji huona malisho yakitoweka. Kinachotokea chini hakionekani kirahisi, nacho ni kizito vilevile. Kichaka kikishafunga, jua halifiki ardhini: udongo hupoa, nyasi hufa. Mchwa wanaokula nyasi hukosa chakula, na buibui waliozoea nyasi hukosa makazi. Kumpoteza mchwa si jambo dogo, kwa kuwa ndiye anayesaga mabaki ya mimea na kuchimba vijia vinavyopitisha maji ya mvua.

Si kila kiumbe huumia. Jongoo na wengine wapendao unyevunyevu wanaweza hata kunufaika na majani yanayooza. Kwa hiyo kuhesabu wadudu pekee hakutoshi. Lazima kujua ni aina zipi zimebaki.

Mfano wa Afrika Kusini unatia moyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi ulionyesha kuwa gugu hilohilo lilipunguza idadi na aina za buibui, lakini lilipoondolewa, walirejea.

Lakini kulikata gugu hili juujuu hakusaidii, maana shina huchipua tena. Ling'olewe na mizizi, kabla halijachanua.