Uhasibu Unaoonekana kwa Macho

Kijana wa kidato cha tatu aweza kukariri kwamba kila debiti ina krediti yake, na bado asijue fedha imetoka wapi na imekwenda wapi. Hayo tuliyashuhudia hapa Kibondo, kamati yetu ya msikiti ilipowaita vijana wanaosoma utunzaji wa hesabu watusaidie kupanga daftari la ujenzi. Saruji tuliyoichukua dukani kwa mkopo waliiandika upande mmoja tu: vifaa viliongezeka, deni halikuonekana. Urari ulipokataa kulingana, wakadhani wamekosea kujumlisha.

Tuliwasha kompyuta ya mmoja wetu, tukapanga lahajedwali lenye safu tatu: fedha taslimu, vifaa na madeni, kila safu na mchoro wake. Kijana alipoingiza saruji, mchoro wa vifaa ukapanda. Alipoingiza deni la dukani, mchoro wa madeni nao ukapanda kwa kiasi kile kile, na tofauti ikawa sifuri. Kanuni waliyoikariri muhula mzima wakaiona kwa dakika chache.

Zana hii yenyewe chimbuko lake ni darasani. Mwaka 1978 Dan Bricklin, mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alimtazama mwalimu akifuta na kuandika upya tarakimu nyingi ubaoni kwa sababu ya kosa moja. Mwaka uliofuata, yeye na Bob Frankston wakatoa VisiCalc, lahajedwali la kwanza kuenea katika kompyuta ndogo.

Hata hivyo, mashine hujumlisha kile ilichopewa. Muamala usio na risiti nao huchorwa vizuri. Kwa hiyo twawanasihi walimu: mwanafunzi aandike kwanza leja kwa kalamu, aoneshe hati ya kila malipo, kisha ajenge fomula kwa mkono wake mwenyewe. Kompyuta moja yatosha kundi zima, mradi kila mmoja apate zamu.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu uandishi wa deni na mashahidi wake. Vijana hawa ndio watakaoshika kesho hazina za misikiti, maduka na vyama vya ushirika. Muumini aliyetoa shilingi elfu moja ana haki ya kuoneshwa ilipokwenda. Tuwafundishe mapema namna ya kumwonesha.