Karatasi Itangulie Nyundo

Maswali yanayotufikia kutoka kwa vijana wa Ifakara, Mlimba, Malinyi na Mahenge wanaosoma Marekani yamekuwa ya namna moja kwa muda mrefu, hata imetulazimu kuyajibu kwa pamoja, kwani kila aulizaye hudhani kuwa taabu iliyompata ni yake peke yake, ilhali mlango uliofungwa usoni pake umekwisha kufungwa mbele ya wenzake wengi. Yote huihusu ile shahada ya uzamili ya jiolojia iliyokusudiwa kazi, ambayo mwanafunzi wake aghalabu haandiki tasnifu, bali husoma masomo yake, akaenda kutumika katika kampuni au idara kwa muda uliowekwa, kisha akarejea chuoni na ripoti. Jinsi ya kuomba nafasi, mitihani ya Kiingereza na karo, hayo sitayagusa. Nitasema juu ya mafunzo ya kazini, maana ndiko watu wanakonaswa.

Kijana mmoja wa jumuiya yetu, hodari wa masomo na mwenye adabu njema, alipata nafasi katika kampuni ichunguzayo maji ya chini ya ardhi. Barua ilimtaka aanze Jumatatu, na afisa wa chuo anayesimamia wanafunzi wa kigeni alikuwa likizoni. Akaona si vema kumkawiza mwajiri kwa ajili ya sahihi moja, akaanza kazi. Sahihi ilipopatikana, siku zake za kwanza zilikuwa zimekwisha kuwa kazi bila idhini, na sheria ya uhamiaji ya Marekani humvua hadhi yake mwanafunzi aliyetenda hivyo. Tena ile njia ya kuomba kurejeshewa hadhi, ambayo makosa mengine huweza kuipitia, humkataa mtu aliyefanya kazi bila ruhusa.

Basi na ieleweke yakini kwamba idhini hii ya mafunzo ya kazini, ambayo sote twaiita CPT, haitolewi na mwajiri wala na mwalimu msimamizi, na barua pepe isemayo kuwa ombi limepokelewa si idhini. Idhini ni ile iliyoandikwa katika I-20 mpya, yaani hati ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni, yenye jina la mwajiri, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kama kazi ni ya kutwa au ya saa zisizozidi 20 kwa juma. Mwajiri akikuhamishia mji mwingine, au akikuomba uongeze wiki mbili kwa kuwa kisima hakijakwisha kuchimbwa, mwandikie afisa wako na ungoje jibu kabla hujanyanyua mguu. Wako pia wanaosema kuwa kazi isiyo na mshahara haina haja ya ruhusa. Hiyo ni hadaa: kazi ambayo mwingine angelipwa kwa kuifanya inaweza kuhesabiwa kuwa ajira hata kama hukuambulia senti.

Kuna mambo mawili zaidi yanayosahauliwa. La kwanza, CPT huhitaji mwaka mzima wa masomo ya kutwa kabla yake, ila kwa shahada za uzamili ambazo mtaala wake wenyewe humlazimu mwanafunzi kuanza mafunzo mara moja. Sharti hilo lisomwe katika kitabu cha chuo, lisipokewe kwa kusikia. La pili, afikishaye miezi 12 ya CPT ya kutwa hupoteza OPT ya ngazi ile, yaani ruhusa ya kazi ambayo aghalabu huanza baada ya kuhitimu, na kwa mwanajiolojia hasara hiyo ni kubwa mno, kwa sababu elimu yake imo katika orodha ya sayansi ambazo OPT yake ya miezi 12 huweza kuongezwa miezi 24. Komea kabla hujaifikia miezi hiyo.

Uchungu wangu sitauficha. Vyuo hupokea karo nzito kutoka kwa wageni, na hujua fika kuwa kila mwezi wa Mei maombi ya mafunzo huja kwa mafungu, walakini vingine huweka afisa mmoja wa kuyatia sahihi, na kosa likitokea adhabu humshukia mwanafunzi peke yake.

Wako wanaotaka kufanya mafunzo yao nyumbani, na rai hiyo naipenda. Bonde la Kilombero limelala kati ya ukuta wa Udzungwa na milima ya Mahenge, sakafu yake ikiwa ni mashapo yaliyoletwa na mito kwa dahari na dahari, na ardhi oevu yake iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar mwaka 2002. Ajifunzaye maji ya ardhini atapata wapi darasa kama hilo? Ukivuka daraja la mto Kilombero lililofunguliwa mwaka 2018 unaelekea Mahenge, kwenye marumaru ya kale izaayo rubi na spineli, ambako mwaka 2007 pale Ipanko lilitoka jiwe moja la spineli la kilo 52, na kwenye kinywe, yaani grafiti, ambacho kampuni ya Faru Graphite, yenye hisa 16 kwa mia za Serikali, iliundwa ili kukichimba. Hata majira yanatufaa, kwa kuwa likizo ya Juni hadi Agosti huangukia kiangazi, masika yakiwa yamekwisha na mbuga zimeanza kukauka.

Kazi ifanywayo nje ya Marekani haihitaji CPT, lakini jina lako libaki katika daftari la chuo, I-20 iwe na sahihi ya safari, na viza itazamwe kabla ya kukata tikiti, kwani viza iliyokwisha hukurudisha kwenye foleni ya ubalozi, pasi na dhamana ya kupewa nyingine.

Huku kwetu nako kuna mitego. Sheria ya Tanzania haikubali uraia wa nchi mbili, kwa hiyo mzaliwa wa Ifakara aliyekwisha kuchukua pasipoti ya Marekani ni mgeni, na utafiti wake hutaka kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, pamoja na, kwa kawaida, kibali cha ukaazi, daraja C. Aliye raia naye asidhani kuwa undugu ni ruhusa: apitie wilayani, achukue barua ya utambulisho, aifikishe kwa mtendaji wa kijiji, na asipige nyundo katika eneo lenye leseni, hata iwe ya mchimbaji mdogo, bila ya ridhaa ya mwenyewe. Mawe ya kupelekwa maabara ya ng'ambo hayatoki nchini bila ya kibali cha mamlaka ya madini, na kipande cha kinywe cha kujifunzia ni sampuli kama sampuli nyingine. Maombi haya yaanze Januari. Atakayeanza Mei atayamaliza mvua zikirudi.

Na kwa kuwa shahada ya ng'ambo hupelekwa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ili itambuliwe, usiondoke chuoni ila na barua ielezayo saa za mafunzo yako, kazi uliyoifanya na jinsi ilivyosahihishwa, kwa maana wewe huna tasnifu ya kuonyesha, na barua hiyo ni rahisi kuipata ungali mwanafunzi.