Zuolojia Huanza na Mende

Kijana anayeandika zuolojia kwenye fomu ya maombi ya chuo mara nyingi huwa anaiwaza Serengeti: simba, tembo, gari la wazi linalokatisha nyikani. Muhula wa kwanza humkuta maabara, ameinamia mende aliyebanwa kwa pini kwenye trei ya nta, akitafuta mishipa ya fahamu iliyo myembamba mno. Baada ya mende watafuata minyoo, konokono, kupe na samaki. Simba atasubiri.

Mpangilio huo una sababu. Zaidi ya asilimia 95 ya spishi za wanyama zinazojulikana hazina uti wa mgongo. Wadudu peke yao waliokwisha kupewa majina ya kisayansi ni takriban milioni 1, ilhali mamalia wote duniani, kuanzia popo hadi nyangumi, ni spishi 6,500 hivi. Anayetaka kuwaelewa wanyama hana budi kuanzia walipo wengi.

Kwa Tanzania, wengi huingia kwenye fani hii kwa tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia, au ya Kemia, Biolojia na Jiografia. Shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu. Humo mna maumbile ya wanyama, urithi, mageuko, ikolojia, vimelea, wadudu, na takwimu.

Hakuna kisa kinachoonyesha thamani ya elimu hii kama cha vyura wa Kihansi. Mwaka 1996, wataalamu waliokuwa wakichunguza viumbe wa korongo la Mto Kihansi, kwenye Milima ya Udzungwa, walikuta chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyefikia urefu wa sentimita 3. Aliishi kwenye eneo la hekta chache tu, pale ambapo maporomoko yalirusha manyunyu mchana na usiku. Tena hatagi mayai majini kama vyura tuliowazoea; huzaa watoto waliokwisha kukamilika. Mwaka 1999 alitangazwa kuwa spishi mpya, na miongoni mwa waliomwandika alikuwamo Kim Howell, mhadhiri wa zuolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Wakati huohuo bwawa la kuzalisha umeme lilikuwa linakamilika. Maji mengi ya mto yalielekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yakakatika. Mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa na vyura wakaongezeka kwa muda, lakini mwaka 2003 idadi yao iliporomoka ghafla. Ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura ulikuwa umefika bondeni. Mwaka 2009 spishi hiyo ilitangazwa kuwa imetoweka porini. Kilichoiokoa ni vyura wapatao 500 waliokuwa wamepelekwa mapema Marekani, ambako walizalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 kundi la kwanza lilirudi kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 vyura wakaanza kurejeshwa Kihansi.

Kila hatua ya kisa hicho ilihitaji mtu aliyejifunza kazi yake: wa kumtambua chura, wa kujua anakula nini, wa kuipima kuvu kwenye ngozi, wa kuhesabu waliobaki. Kuhesabu hasa ndiko kunakowatoa jasho wanafunzi, maana wanyama hawapangi foleni. Mwanafunzi hutega mitego ya panya shambani, akakamata 40, akawatia alama na kuwaachia. Siku chache baadaye anakamata 50, na 10 kati yao wana alama. Ikiwa mmoja katika kila watano ana alama, basi wale 40 wa kwanza ni moja ya tano ya panya wote, nao ni 200. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ugumu uko katika kujua lini itadanganya: panya wakihama, alama zikifutika, au waliokwisha kunaswa wakiogopa mtego, jibu litakuwa la uongo.

Ujuzi wa tabia za mdudu mmoja umewahi kusafisha kisiwa kizima. Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Wataalamu walitumia udhaifu huo Unguja: madume waliozalishwa Tanga walihasiwa kwa mionzi, kisha wakamwagwa kwa ndege kuanzia mwaka 1994. Majike waliopandana nao hawakuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alionekana mwaka 1996, na ng'ombe wa kisiwa hicho wakaondokana na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o.

Mzazi atauliza kuhusu ajira, na ni haki yake. Shahada hii si njia ya mkato ya kuwa askari wa wanyamapori. Kwa kazi hiyo kuna vyuo kama Pasiansi, na kwa usimamizi wa hifadhi kuna Mweka. Mhitimu wa zuolojia ana nafasi zaidi kwenye utafiti wa wanyamapori, wa uvuvi, wa mbu na malaria, au kwenye tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaidai kwa miradi mikubwa. Nafasi si nyingi, na anayejua takwimu na kuandika ripoti vizuri huwatangulia wenzake.

Kazi yenyewe bado ipo tele. Nyani wa kipunji aliandikwa kisayansi mwaka 2005 tu, ingawa wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimfahamu. Mwaka 2008 ikawa zamu ya sange mkubwa wa Udzungwa, mwenye uzito wa gramu 700 hivi, mkubwa kuliko sange wengine wote. Ikiwa wanyama wanaoonekana kwa macho wazi walichelewa hivyo, wadudu wa misitu hiyohiyo wanaosubiri majina ni wengi zaidi.