Kijana Mwenye Mshahara na Chungu cha Mama

Wazazi wengi hujiuliza neno hili: mtoto wetu amekwisha kuwa mtu mzima, anapata mshahara, naye angali akilala na kula kwetu, je, yafaa tumdai fedha za chakula? Wengine huona haya kulitamka, wakiogopa majirani watasema: "Tazameni, wamegeuza nyumba yao kuwa hoteli!"

Tukumbuke kwanza mambo ya zamani. Huko Katanga, katika kambi za Union Minière, na baadaye za Gécamines, mfanyakazi alipewa posho ya unga kwa ajili yake na jamaa yake. Kampuni ilipodhoofika, posho ilikoma; na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa mpango ulioitwa wa hiari. Sasa unga hununuliwa sokoni, na mahindi mengi hutoka Zambia. Yakipungua, bei hupanda. Kila sahani ina bei yake, na mara nyingi anayeilipa ni mama, kwa faida ndogo ya makala anayouza mbele ya nyumba.

Tufikirie nyumba moja ya Lubumbashi. Mwana wa kwanza, mwenye miaka 26, ni karani. Kila mwisho wa mwezi hununua nguo mpya. Baba ananyamaza mwaka mzima, huku moyo wake ukijaa uchungu. Siku moja, mbele ya wadogo, anadai nusu ya mshahara. Kijana anaaibika, anachukua sanduku lake na kwenda zake. Nani amekosa? Wote wawili: mmoja alikula bila kuuliza, mwingine alinyamaza, kisha akadai kama mtoza kodi.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ikiwa mgeni hupewa jembe, mwana wa nyumba je?

Shauri letu ni hili. Mwezi ule wa mshahara wa kwanza, wazazi wakae na kijana wao faraghani, wamwonyeshe matumizi ya nyumba: unga, makala, umeme, karo ya wadogo. Kisha wapatane juu ya kitu kinachojulikana, kwa mfano gunia moja la unga la kilo 25 kila mwezi. Faranga hupungua nguvu. Gunia hubaki gunia. Wasimnyang'anye yote, kwa maana anatakiwa kuweka akiba ya mahari na ya nyumba yake mwenyewe.

Asiye na kazi asidaiwe fedha. Atoe mikono yake, achote maji, awasaidie wadogo katika masomo. Na binti mwenye mshahara asitozwe mara mbili, fedha zake na kazi zote za jikoni, huku kaka yake akingoja sahani.

Katekisimu ya mwaka 1992, ikieleza amri ya nne, inafundisha kwamba utii wa mtoto hukoma anapojitegemea, lakini heshima kwa wazazi haikomi kamwe. Nanyi wanafunzi mnaosoma haya, siku ya mshahara wenu wa kwanza msingoje kudaiwa. Mwulizeni mama kwanza: "Unga umebaki kiasi gani?"