Kadi ya Picha Ikikataa Kwenye Kompyuta ya Zamani: Ya Kuangalia Kabla ya Kutoa Pesa

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Nairobi kwa bei nafuu zilitumika kwanza ofisini. Kuandika barua na kujaza fomu za serikali mtandaoni zinaweza bila taabu. Lakini kijana wa Dandora anayetaka kuhariri video za muziki, au kufungua chumba cha michezo ya kompyuta, hulazimika kuongeza kadi ya picha, na hapo ndipo shida huanza. Kadi imechomekwa, feni inazunguka, skrini ni nyeusi. Wengi huamua papo hapo kwamba kadi imekufa. Mara nyingi ni nzima.

La kwanza ni waya wa skrini. Kompyuta nyingi za ofisi zikitambua kadi mpya hufunga tundu la picha la ubao mkuu. Waya ukiachwa kwenye tundu la zamani, hakuna kitakachoonekana. Uhamishiwe kwenye kadi yenyewe.

Kisha stima, na hili ndilo linalowagharimu watu zaidi. Tundu la PCI Express ambamo kadi huchomekwa hutoa wati 75 kwa kiwango cha juu, na baadhi ya watengenezaji wa kompyuta huweka kikomo cha chini ya hapo. Kadi inayohitaji zaidi huwa na soketi yake ya ziada: ya pini 6 huongeza wati 75, ya pini 8 huongeza 150. Sasa itazamwe kompyuta kama Dell OptiPlex 790, ya mwaka 2011. Ile ya umbo dogo ina pawasaplai ya wati 240 kwa mashine nzima, na haina waya wa pini 6. GeForce GTX 1060, inayokula wati 120, haina mahali pa kupata umeme humo. GTX 750 Ti ya wati 60 iko karibu zaidi na uwezo wa mashine za aina hiyo, mradi iwe ya kimo kifupi, kwa maana kadi ya kimo cha kawaida haiingii ndani ya kasha hilo. Feni kuzunguka si ushahidi kwamba umeme unatosha. Feni hutumia kidogo sana.

Wapo wanaounganisha waya wa diski ili kulisha kadi kubwa. Waya huo haukutengenezewa mzigo huo, unaweza kuyeyuka na kushika moto. Katika nyumba za kupanga zilizobanana, moto wa chumba kimoja ni wa ploti nzima. Pawasaplai nayo isifunguliwe: huhifadhi umeme wa kudhuru hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Vumbi ni jambo jingine, na Dandora halikosekani. Kompyuta ikiwa imechomolewa, kadi itolewe, meno yake ya rangi ya dhahabu yafutwe taratibu kwa raba safi nyeupe, tundu lipulizwe, kisha kadi irudishwe na kukazwa kwa skrubu. Kadi iliyolegea kidogo tu haiwaki. Kompyuta ikilia, milio ihesabiwe: kwenye BIOS za Award, mmoja mrefu na miwili mifupi humaanisha tatizo ni la picha.

Yote hayo yakiwa sawa, tatizo huenda ni umri. Kompyuta nyingi za kabla ya Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, zina BIOS ya mtindo wa zamani, na baadhi ya kadi mpya hazielewani nayo. Kuna kampuni zilizotoa BIOS mpya ya kupakua bila malipo. Kazi hiyo isifanywe bila betri ya akiba, kwani stima ikipotea katikati, ubao mkuu unaweza usiwake tena.

Picha ikionekana mwanzoni kisha ikapotea Windows inapofunguka, kosa liko kwenye draiva. Ile ya zamani iondolewe kwanza, iwekwe inayolingana na kadi na Windows iliyopo. Anayetumia Windows 7 ajue kwamba NVIDIA iliacha kuitolea draiva za kawaida mwaka 2021.

Kuna pia kadi za udanganyifu, za zamani zilizobadilishwa jina ndani ili zijitambulishe kama mpya. Programu ya bure ya GPU-Z huzigundua nyingi. Mnunuzi wa Luthuli Avenue, au kwingineko, ana haki ya kuomba kadi iwashwe mbele yake na programu hiyo ifunguliwe kabla ya kulipa. Muuzaji anayekataa ameshajibu.

Kadi ikikataa hata kwenye kompyuta nyingine yenye umeme wa kutosha, basi imekufa kweli. Isitupwe na takataka za nyumbani. Ikifika jaa la Dandora, nyaya zake zitachomwa kutafuta shaba. Utafiti wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka 2007 ulipima watoto 328 wa eneo hilo, na nusu yao walikuwa na risasi nyingi kupita kiasi katika damu. Vifaa vya umeme vilivyokufa hupokelewa na WEEE Centre, hapa Nairobi, na mafundi wengine hununua kadi mbovu kwa ajili ya feni na vipuri.