Ugonjwa wa Mwenzio si Habari za Barazani

Ndugu msomaji, bila shaka nawe umepata kukaa kwenye benchi la hospitali ukingoja kuitwa. Kulia kwako ameketi jirani, kushoto shemeji wa jirani, na mbele yako mtu usiyemjua, lakini yeye amjua mama yako. Ndivyo ilivyo Pemba. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 543,441 kisiwani, nao kwa maradhi makubwa huelekea hospitali chache, kama zile za Chake Chake, Wete, Micheweni na Mkoani. Hapana budi wajuane.

Basi fikiri habari hii. Mama mmoja amekohoa wiki tatu, na usiku hutoka jasho. Afika dirishani kutoa cheti chake. Karani, wala hana nia mbaya, amwuliza kwa sauti: "Mama, unaumwa nini?" Benchi zima lanyamaza. Mama ageuka, amwona wifi yake, kisha ajibu: "Kichwa tu, mwanangu." Hata kwa daktari, kwa kuwa mlango u wazi na watu wamesimama kizingitini, ashika neno lile lile. Apewa dawa ya kichwa, arudi nyumbani.

Huenda ana kifua kikuu. Ugonjwa huo hupona kwa dawa za miezi sita, nazo hutolewa bure. Usipotibiwa huua, tena huwaambukiza kwa hewa wale walalao chumba kimoja na mgonjwa. Swali lililoulizwa kwa sauti laweza kuwaumiza watoto wake.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Ni kweli. Lakini walimtaka mgonjwa amwambie mganga, si ajitangaze barazani. Siri ya mgonjwa ni desturi ya kale. Kiapo cha Hippocrates, cha waganga wa Uyunani ya zamani, chamkataza mganga kutoa nje aliyoyasikia kwa mgonjwa. Mwaka 1948 Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha mjini Geneva kiapo kipya chenye sharti hilo hilo. Na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kifungu cha 15, yalinda heshima ya mtu na maisha yake ya faragha.

Tufanye nini basi? Wewe ukaaye dirishani, uliza jina na cheti. Ugonjwa uachie chumba cha daktari. Ikikulazimu kuuliza, mwambie asogee, nawe sema chini. Piga mstari sakafuni, anayefuata asimame hatua chache nyuma. Na mlango wa daktari ufungwe.

Wewe uliyeitwa kuwa mkalimani kati ya mgonjwa na daktari mgeni, uyasikiayo humo yaache humo.

Wewe mgonjwa, ukiulizwa mbele ya watu, sema kwa upole: "Naomba nimweleze daktari faraghani." Huko si kukosa adabu.

Nawe ungojaye zamu, kumwambia mwenzio "pole" ni wema. Kumchimba mpaka ataje ugonjwa wake ni upekuzi.

Mambo haya hayataki fedha nyingi. Mtu akijua kwamba siri yake ina mahali pa kukaa, ataisema mapema, na maradhi yasemwayo mapema ndiyo yapatayo dawa.