Fumbo la Kuogofya: Picha na Sarufi katika Mabango ya Filamu, Kaptembwo

Wataalamu wa Kiswahili wamekwisha andika mengi juu ya majina ya kanga na juu ya maneno yachorwayo kwenye magari ya abiria. Bango la filamu limepata nafasi ndogo zaidi, huenda kwa sababu halidumu: siku mbili tatu, kisha mvua hulifuta au jingine hubandikwa juu yake. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi bango la filamu ya kuogofya linavyomvuta mtazamaji. Mifano yetu ya lugha imetoka Kaptembwo, mtaa ulio magharibi ya Nakuru, ambako wenye vibanda vya video walizoea kutangaza filamu zao kwa chaki, juu ya ubao mweusi ulioegemezwa mlangoni.

Bango la namna hii hufanya kazi ya kitendawili. Mtegaji hutaja sifa chache za kitu na kukificha kitu chenyewe. Anayeshindwa kutegua hutakiwa kutoa mji. Katika kibanda cha video, mji wenyewe ni kiingilio.

Tutazame kwanza mabango mawili ya ng'ambo. Bango la The Exorcist, filamu ya Marekani ya mwaka 1973, lilibuniwa na Bill Gold. Ndani yake yuko mtu mmoja tu, mwenye kofia na mkoba, amesimama chini ya taa ya barabarani mbele ya nyumba, na mwanga wa dirishani unamwangukia. Filamu yenyewe yahusu msichana aliyepagawa na pepo. Lakini katika bango msichana hayumo, wala pepo hayumo. Bango la Alien, la mwaka 1979, laonyesha yai linalopasuka na kutoa mwanga wa kijani. Mnyama wa hadithi haonekani. Mabango yote mawili yameiacha sehemu kubwa ya nafasi iwe nyeusi, na jicho la mtazamaji, likikosa kitu cha kushika, huanza kujaza lenyewe.

Mwandishi wa ubao wa Kaptembwo alikuwa na weusi tayari. Alichokosa ni picha, na hapo ndipo sarufi ilipomfaa. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuona ubao uliobeba neno moja kwa herufi kubwa, LIMERUDI, na chini yake saa ya kuanza. Jina la mtendaji halikuwamo. Kiingereza kingemlazimu mtangazaji kuchagua: mwanamume, mwanamke au kitu. Kiswahili hakimlazimu hivyo, ila humpa uchaguzi wa aina nyingine. Angaliandika AMERUDI, tungalijua kwamba ni kiumbe hai, pengine mtu, bila kujua ni mume au mke. Huenda ni jirani. Angaliandika UMERUDI, tungalifikiri mzimu au mzuka. Kwa kuchagua LI- aliingiza ukubwa na ubaya pamoja, maana ngeli hii ndiyo ya jitu, joka na dude. Silabi moja imefanya kazi ya mchoraji. Wale wanaodai kwamba maandishi ya vibandani ni Kiswahili kilichoharibika yafaa walitazame tena neno hili.

Majina ya filamu hutumia hila iyo hiyo. Mtanzania Mussa Banzi alizipa filamu zake mbili majina Nsyuka na Shumileta, katika miaka ya mwanzo ya karne hii. La kwanza ni neno la Kinyakyusa linalohusu mfu aliyerudi. Msemaji wa Kiswahili wa Nakuru hupata sauti tu, maana haimfikii. Nalo jina lisiloeleweka ni giza la namna yake.

Si kila bango lina ustadi huu. Majalada mengi ya kanda na santuri za video yamejazwa nyuso, damu, meno na moto mpaka hakuna kilichobaki cha kuulizwa. Sababu ni ya kibiashara: mnunuzi dukani hutafuta sura ya mchezaji anayemjua. Kama fumbo, hata hivyo, jalada hilo limekwisha jitegua.

Liko jambo zito kuliko hilo. Alama mojawapo inayorudiwarudiwa ni uso wa bibi kizee mwenye macho mekundu. Mchoraji huona ni njia fupi ya kumaanisha uchawi. Lakini mwezi wa Mei 2008, wazee 11 waliuawa huko Kisii kwa kushukiwa kuwa wachawi, na huko Usukumani, Tanzania, macho mekundu ya akina mama wazee, ambayo mara nyingi yatokana na moshi wa jikoni, yametajwa miaka mingi kuwa ushahidi dhidi yao. Wako wakazi wa Kaptembwo waliotoka Gusii. Mzimu wa LIMERUDI hauna sura ya mtu yeyote; bibi wa jaladani anayo, na mtoto apitaye hapo aweza kumkuta mwenye sura hiyo akiuza sukumawiki njiani.

Sheria ya filamu ya Kenya, Sura ya 222, huipa bodi kazi ya kuchunguza filamu na mabango pia. Kwa hiyo bango limekubaliwa kuwa matini inayojitegemea. Damu na uchi ni rahisi kwa mkaguzi kuviona. Picha ya bibi haina damu wala uchi. Ni bibi tu, anatazama.